Mlango wa Friji ya Metroni

Watu wengi huchagua msasa kwa kusoma namba iliyopigwa nyuma ya karatasi. Metroni aliuchagua kwa shavu. Aliingia dukani kwangu hapa Rodi Kopany, akapita mbele ya wateja wote bila kuomba radhi, akachukua kipande, akakipitisha taratibu chini ya taya kama mama anayepima joto la mtoto, kisha akatoa hukumu.

"Huu ni wa mbao. Nipe wa mgonjwa."

Wateja wapya walimwonea huruma huyo mgonjwa. Wa zamani walijua kwamba mgonjwa ni friji, au jiko la gesi, au sinki la hotelini, au birika la umeme ambalo mtu ameliangusha. Nilifungua droo ya chini ninakoweka msasa wa maji, ule mweusi laini ambao mafundi wa magari huutumia kabla ya kupaka rangi, nikampa. Akaupima tena kwa shavu. Akinyamaza, umefaa. Akisema "mm", nilirudi drooni.

Alikuwa ameongoza wauguzi hospitalini kwa miaka mingi na alistaafu kabla sijafungua duka. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Metroni sokoni na Metroni kanisani, na hata mbuzi wake walijulikana kuwa mbuzi wa Metroni, wakafukuzwa kwenye mboga za watu kwa adabu zaidi kidogo kuliko mbuzi wengine. Alivaa raba nyeupe za turubai masika na kiangazi, na kifuani alibandika kwa pini ile saa ya wauguzi inayoning'inia kichwa chini. Saa yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Hata hivyo aliitazama kabla ya kujibu swali lolote, nasi tulisubiri.

Kazi ya kutibu vyombo haikuwa biashara. Ilianza, nadhani, kwa sababu hakuweza kupita karibu na kitu kilichoumia bila kukisogelea. Alialikwa chai nyumbani kwa mtu, akaona jiko lenye mikwaruzo, na chai ikapoa akiwa amepiga magoti mbele ya jiko. Baadaye watu wakaanza kumwita makusudi, naye akawagombeza wote kwa usawa.

Nilikuwepo siku alipoitwa na mwenye hoteli mmoja hapa sokoni. Sinki lake jipya lilikuwa limejaa vidoa vya rangi ya kahawia.

"Ulimwosha na nini?" Metroni aliuliza.

"Na ile dawa ya kung'arisha nguo, Metroni. Niliiacha usiku kucha. Nilitaka iwe nyeupe."

"Nyeupe? Hii ni shati?"

"Si ni kwa ajili ya usafi..."

"Wewe ukiwa mchafu, nikulaze kwenye dawa ya nguo usiku kucha, utaamka namna gani?"

Metroni alimtuma soda ya unga ya kuokea, akaikoroga na maji kidogo, akampaka mgonjwa, na wakati wa kungoja akamwagiza mwenye hoteli anyooshe mikono mbele ili amkague kucha.

Niliyojifunza kuhusu chuma nilijifunza nusu kwa kusoma na nusu kwa kumtazama yeye, na nitayaeleza hapa kwa sababu yanahitajika mbele. Chuma cha vyombo hivi, ambacho sote huku tunakiita stenlesi, kina nyuzi. Ukikitazama kwa karibu penye mwanga utaona mistari myembamba sana, yote ikielekea upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Kiwanda ndicho kilichozichana. Mkwaruzo huonekana kwa sababu umekata nyuzi hizo. Kwa hiyo mkwaruzo haufutwi kama doa. Unachana upya sehemu yote inayouzunguka, kwa msasa laini uliolowa maji, ukifuata nyuzi, ukiinua mkono kila unapofika mwisho na kurudi kuanza upya, mpaka mkwaruzo ujifiche ndani ya mistari mipya. Ukisugua kwa mzunguko umeongeza ugonjwa. Mwishoni unaosha, unakausha, unapaka tone la mafuta ya kupikia kwa kitambaa safi na kulifuta.

Kwa Metroni hayo yote yalikuwa maneno mawili. "Mos mos," alisema, yaani polepole kwa Kiluo. Aliyasema kwa sauti ya mtu anayetoa amri ya kukimbia.

Tulibishana jambo moja. Nilikuwa nimesoma kwamba vyombo vingine vya siku hizi hupakwa kiwandani utando mwembamba usioonekana, ili alama za vidole zisishike, na kwamba ukipitisha msasa juu yake unauchuna na hali inakuwa mbaya zaidi. Ni lazima ujaribu kwanza mahali pa siri, pembeni chini.

"Unasoma sana, Baba Achieng'," aliniambia. "Siku moja utaandikiwa miwani, na sitakusindikiza kwa daktari."

Lakini wiki iliyofuata nilimsikia akimwuliza mama mmoja juu ya jiko lake: "Huyu amevaa au yuko uchi?" Mama yule aliangalia huku na huku kumtafuta mtu aliye uchi. Metroni alikwisha kupiga magoti, akijaribu msasa pembeni chini.

Nyumbani kwake aliweka saa za wageni, akiziita saa za kuona wagonjwa. Ukifika nje ya saa hizo alikuja mlangoni na kukwambia hali ya mgonjwa inaendelea vizuri, kisha akafunga. Alilazimisha watu wazima kunawa mikono kwa kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisa, maana maombi mafupi yalikuwa sawa kwake lakini kunawa kufupi hakukuwa sawa. Na bado, kila asubuhi ya soko, nilimwona akinunua mandazi kutoka beseni lililokaa wazi kando ya barabara, malori yakilitimulia vumbi, na kuyala hapo hapo amesimama. Nilipomtazama kwa mshangao alisema, "Hawa inzi nawajua."

Tofauti iliyonisumbua zaidi ilihusu bandeji. Niliwahi kujikata kidole kwa bati, nikakifunga kwa kitambaa vizuri. Metroni aliingia dukani, hakusalimu, akashika mkono wangu mbele ya wateja na kukifungua chote.

"Kidonda kinataka hewa," alisema. "Wewe umekifunga jela."

Alisema hivyo kwa kila mtu. Watoto wa mtaa walimwona mbali wakaficha magoti yao yaliyofungwa vitambaa. Lakini ukiingia sebuleni kwake, viti vyote vilikuwa ndani ya nailoni na vililia ukikaa. Rimoti ya televisheni ilikuwa ndani ya nailoni. Na mbele yako, ikitazama mlango kama ilivyo katika nyumba nyingi za huku, mahali ambapo mgeni anaiona kabla hajamwona mwenyeji, ilisimama friji ndefu ya stenlesi ambayo binti yake anayefanya kazi Kisumu alimletea alipostaafu. Juu yake palitandikwa kitambaa cha kufuma. Mlango wake ulikuwa bado na nailoni ya kiwandani. Ilipokuja, nailoni hiyo ilikuwa ya samawati. Kufikia wakati ninaousimulia ilikuwa na rangi ya chai nyepesi, imejikunja kwenye pembe, na imebeba alama za vidole za mazishi na harusi zote za boma lile.

"Metroni," nilimwambia siku moja, "na huyu je, hataki hewa?"

Aliitazama saa yake iliyokufa.

"Saa ya kuona wagonjwa imeisha," alisema.

Mtu aliyelimaliza jambo hilo aliitwa Robi. Mwana wa mwisho wa Metroni, anayefanya kazi Kisumu pamoja na dada yake na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, alimwoa msichana kutoka Ntimaru, kule kwa Wakuria karibu na mpaka. Robi hakujua Kiluo na Metroni hakujua Kikuria, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikishika kwa upande wake. Robi alimwita Mama. Metroni alimwita nyathina, yaani mwanangu, lakini alimwita hivyo hivyo kila aliyewahi kumdunga sindano, kwa hiyo haikumaanisha kitu.

Robi alikuwa na sifa moja ambayo huku kwetu ni kubwa. Alijua kusugua sufuria. Sufuria za mke mpya huanikwa nje juu ya kichanja, na wapita njia huzisoma. Mwenye mkono mlegevu, sufuria zake zina ukoko wa masizi chini. Robi alichukua majivu, mchanga wa mtoni na waya wa kusugulia, akazungusha mkono, akazungusha, mpaka sufuria kuukuu zikaweza kutumika kama vioo. Wanawake waliokwenda kisimani walipunguza mwendo wapitapo kwenye kichanja kile. Nadhani hata Metroni alikuwa na fahari, kwa sababu alimwambia tu, "Mm, sawa," na hilo kwake lilikuwa hotuba.

Walioshindwa kuona sufuria ni mawifi wa Metroni, dada za marehemu mumewe, walioolewa upande wa Lambwe. Siku ya kutambulishwa, wifi mkubwa alisema mbele ya watu, na kwa Kiswahili ili Robi asikose neno, "Msichana wa kutoka mbali hivyo, nani atamfundisha nyumba?" Katika ukoo ule neno la dada za baba lina uzito. Baba mwenyewe hayupo, na dada zake ndio husema angesema nini. Wakisema mke hafai, mwana hupewa muda wa kufikiri, na mke hujikuta akifikiriwa. Kisha wakatuma habari kwamba wangekuja Jumamosi kuona nyumba inaendeleaje. Robi alielewa vizuri sana maana ya kuona.

Jumatano ya wiki hiyo Metroni alikwenda Homa Bay kuangaliwa macho. Robi alibaki na nyumba. Alifagia, akapangusa, akaosha vitambaa vya kufuma, akasimama mlangoni kuitazama sebule kama mgeni atakavyoitazama. Akaiona ile nailoni. Alinieleza baadaye kwamba ilimpa aibu kama kumwona mkubwa amevaa shati lililochanika.

Akaivuta. Ilitoka kwa vipande. Chini yake gundi, iliyokuwa imekaa na joto la miaka yote ile, ilibaki kwenye chuma kama ngozi nyingine. Mafuta kidogo ya moto yangeilainisha. Robi hakujua hilo. Alijua jambo lingine, alilojua kuliko mtu yeyote Rodi Kopany. Alikwenda kichanjani akachukua majivu, mchanga na waya, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kuzungusha.

Alikuja dukani kwangu akikimbia, mikono ya kijivu mpaka kwenye viwiko.

"Baba Achieng', njoo uone. Friji imeshika ukungu, na haufutiki."

Nilikwenda. Mlango ulikuwa umejaa miduara kutoka juu hadi chini, mduara juu ya mduara. Karibu na mshikio, mahali ambapo uchafu wa vidole ulikuwa mwingi na yeye akatia nguvu zaidi, palikuwa na mmoja uliochimba chuma, mkubwa kama kisahani cha chai. Mlangoni pa sebule niliona mkoba wa bluu, umejaa, zipu yake imekataa kufunga.

"Huo ni wa nini?" nilimwuliza.

"Wa kwenda kwetu."

"Amekufukuza?"

"Bado hajarudi," alisema Robi. "Lakini nijifukuze mwenyewe mapema, kuliko nifukuzwe Jumamosi mbele ya wale mama wa Lambwe. Nimemharibia friji ya zawadi. Wataniuliza nimefunzwa wapi nyumba, nami nitawaambia nini? Ushahidi umesimama hapo, mrefu kunishinda."

Ndipo tuliposikia raba za turubai nje.

Metroni aliingia, akasimama. Aliutazama mlango wa friji, kisha vipande vya nailoni sakafuni, kisha majivu. Aliitazama saa yake kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akiitazama.

"Nani amemtoa bandeji?" aliuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Kwa nini?"

Robi alikuwa analia, lakini alijibu akiwa amenyoosha mgongo. "Si wewe husema kidonda kinataka hewa?"

Nilisogea nyuma hadi kiti cha nailoni kikalia, nikajuta. Metroni alinigeukia mimi badala ya Robi, kana kwamba nilikuwa nimenong'ona jibu lile. Halafu akatoka nje. Tulimsikia akinawa mikono kwa kuimba ubeti mzima, halafu, kinyume cha kawaida yake, ubeti wa pili. Aliporudi mikono yake ilikuwa imelowa hadi viwikoni, ameinyanyua mbele kama wafanyavyo kabla ya upasuaji.

"Mkoba unakwenda wapi?"

"Ntimaru, Mama."

"Mgonjwa amelala wazi mezani, muuguzi anakwenda Ntimaru? Yawa! Uweke huko. Baba Achieng', wewe usisimame hapo kama jamaa wa marehemu. Kalete msasa."

Wakafanya kazi siku iliyobaki, na Alhamisi, na Ijumaa. Kwanza waliondoa gundi kwa mafuta ya moto na kitambaa. Halafu soda ya kuokea, kwa sababu waya ule ulikuwa umeacha chembe za chuma cha kawaida, na vidoa vya kutu vilikwisha kuanza kuchungulia. Halafu wakajaribu pembeni chini. Friji ilikuwa uchi, ashukuriwe Mungu. Ndipo msasa, kutoka kushoto kwenda kulia, nyuzi zilivyokwenda, mlango mzima, maana ukitibu kipande kimoja tu kinasimama peke yake kama kiraka.

Kila nilipopita kuleta kipande kipya niliwasikia.

"Inua mkono. Usirudi nao."

"Mama, mkono wangu unataka kuzunguka wenyewe."

"Uambie hapa si kwenu."

"Na kwetu tunazungusha vizuri. Uliza sufuria zako."

"Sufuria zangu hazina mdomo kama wako. Mos mos!"

"Hiyo mos mos yako, Mama, mbona inanikimbiza?"

Kisha nilisikia sauti nisiyoizoea, kama kikohozi kilichokwama, na ilinichukua muda kutambua kwamba Metroni alikuwa anacheka.

Kufikia Ijumaa jioni mlango ulikuwa mzuri. Haukung'aa kama kioo. Ulikuwa na mwanga mtulivu, uliochanwa upande mmoja, na ulipendeza kuliko nailoni ilivyowahi kupendeza. Ulibaki ule mduara wa karibu na mshikio. Niliwaeleza kwamba umechimba sana, na kwamba kuufikia kungelazimu kula chuma mpaka pabaki bonde ambalo mwanga ungelionyesha kila asubuhi. Metroni aliusikiliza ushauri wangu wote, jambo lililonitia hofu.

"Basi tutamfunika," alisema.

"Kwa sumaku?" aliuliza Robi. Alikuwa nayo moja yenye picha ya samaki. Aliibandika, ikateleza mpaka sakafuni. Nilieleza kwamba stenlesi nyingi hazishikwi na sumaku. Metroni akasema hakuuliza. Akaleta kalenda ya kanisa, akaikata upande wenye picha ya kanisa lenyewe, na kuibandika juu ya mduara kwa plasta ya hospitali, pembe zote.

"Metroni," nilisema, "huo mlango umetoka kupakwa mafuta. Plasta haishiki kwenye mafuta."

"Nimefunga vidonda tangu wewe hujajua kutambaa."

Nilikusanya vipande vya msasa, nikarudi dukani.

Jumamosi mawifi walifika kutoka Lambwe na leso zao za safari mabegani na kuku wa zawadi. Nilialikwa chai, nadhani kama mtu wa kubeba lawama ikilazimu. Wifi mkubwa ni mwanamke mpana, mwenye macho ya mtu anayehesabu kuku wake kila jioni na kila jioni kumkosa mmoja. Aliketi kitini, kiti kikalia, naye akaanza kuitazama nyumba kuanzia dari.

"Vitambaa ni visafi," alikubali. Kisha, "Friji mmeivua nguo."

"Imepumzishwa," alisema Metroni.

"Inaonekana... mm." Aliinuka, akaisogelea, akapitisha kiganja mlangoni. Robi alikuwa amesimama na birika la chai, hajamimina. Mwana wa Metroni, aliyefika asubuhi hiyo na ambaye hakuwa ameambiwa lolote, alikula mkate.

Ndipo pembe moja ya kalenda ikaachia. Halafu ya pili. Kanisa zima liliinama mbele taratibu, kwa heshima, na kuanguka miguuni pa wifi mkubwa.

Aliinama kuliangalia kanisa. Akainuka kuuangalia mlango.

"Nani amechora mwezi hapa?"

Ninamjua Metroni kama mtu ambaye hakuwahi kumdanganya mgonjwa. Aliwahi kumwambia mchungaji, mbele ya washarika, kwamba kikohozi chake ni cha uvivu. Kwa hiyo nilimgeukia nikitarajia ukweli, na nikamhurumia Robi.

"Ni mimi," alisema Metroni.

"Wewe?"

"Nilikuwa najaribu dawa mpya. Ikanishinda."

Birika lilitua mezani kwa kishindo. "Hapana, Mama," alisema Robi. "Mama, ni mimi. Nilitumia waya."

"Nyathina, nyamaza. Waya ni wangu."

"Waya ni wako, mkono ni wangu!"

"Nani aliiacha nailoni mpaka ikaganda? Ni wewe? Ulikuwa hata hujaolewa!"

"Lakini nani aliitoa bila ruhusa? Ni wewe? Ulikuwa Homa Bay!"

"Mimi ndiye mkubwa hapa, na nimesema ni mimi!"

"Na mimi nimesema si wewe!"

Sauti zilipanda hadi mbuzi wakajibu nje. Wifi mkubwa aligeuza kichwa huku na huku kama mtu anayetazama mpira, mkono ukiwa bado umeushika mlango. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, nilikuwa nimeyaona usoni tangu alipoketi, na sasa hakuna aliyemwachia nafasi ya kuyasema.

"Hebu, hebu!" alipiga kelele mwishowe. "Mbona mnagombania kosa kama watu wanaogombania shamba?"

Wakageuka wote wawili kumtazama.

Wifi mkubwa akaketi. Akachukua kikombe, akakuta ni kitupu, akakinyoosha kwa Robi. Robi akamimina. Wifi mkubwa alikunywa, akafikiri, akamwambia mdogo wake kwa Kiluo maneno ambayo Robi hakuyaelewa na ambayo mimi niliyasikia vizuri: kwamba nyumba ambayo mke anamjibu mama mkwe kwa sauti namna ile, na mama mkwe hatafuti fimbo, haina la kukaguliwa tena. Kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Wewe wa Ntimaru. Jiko langu la gesi kule Lambwe lina mikwaruzo. Utakuja lini?"

"Ataniuliza mimi kwanza," alisema Metroni, akaitazama saa yake.

Hiyo ni miaka kadhaa sasa. Robi alikwenda Lambwe, na baadaye kwingine, na watu walipokuja dukani kwangu kuulizia msasa wa mgonjwa, mara nyingi ni yeye aliyewatuma. Anausoma kwa namba, kama watu wote. Nailoni za viti zilitoka moja moja, bila tangazo. Ya rimoti bado ipo.

Mara ya mwisho nilipoingia sebuleni mle ilikuwa mwezi uliopita. Binti wa Kisumu alikuwa ametuma jiko jipya, la stenlesi kuanzia juu hadi chini, nami nilisaidia kulishusha kwenye pikapu. Metroni sasa haoni vizuri, na mikono yake inatetemeka, ingawa raba ni nyeupe vilevile. Saa iko kifuani. Aliizungukia zawadi yake kwa vidole, juu ya nailoni mpya ya samawati, mpaka vidole vikasimama pembeni.

"Ameumia njiani," alisema.

Robi alichutama akaangalia. Ni kweli. Kitu kigumu ndani ya pikapu kilikuwa kimekwaruza chuma, kimepita nailoni.

"Ni kidogo, Mama. Tumwache tu na nailoni yake. Haonekani."

Mimi niliitazama friji. Mduara wa karibu na mshikio uko palepale, na kalenda haikurudi.

"Mtoe," alisema Metroni.

"Mama, ni mpya kabisa. Una hakika?"

"Kidonda kinataka nini?"

Robi alinitazama, akacheka, akashika pembe ya nailoni na kuivuta. Ilitoka nzima, kwa mlio mmoja mrefu, na Metroni akasikiliza mpaka mwisho huku ameinamisha kichwa.

"Haya," alisema Robi. "Nikuletee na waya?"

"Niletee mkoba."

Robi aliingia chumbani. Alirudi na ule mkoba wa bluu, umechakaa pembe, zipu yake iliyokufa imefungwa kwa kipande cha bandeji. Aliutua sakafuni kati yao, akaufungua, akaanza kutoa vitu na kuvipanga juu ya kitambaa safi: msasa, chupa ya mafuta, soda ya kuokea. Metroni alinyoosha mkono wake unaotetemeka. Robi akachukua kipande cha msasa, hakukisoma namba, akakiweka taratibu kwenye shavu la mama mkwe wake, akangoja.

Metroni alinyamaza.